Peoni za Mama

Netherwell, Somerset
14 Septemba 1963

Mdogo wangu Eustace,

Usishtuke kuuona mwandiko wangu kabla ya Krismasi. Hakuna aliyekufa. Mimi mzima, ila goti la kulia linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Shangazi Lavinia bado yupo, ametimiza miaka tisini na moja, macho hana lakini masikio anayo, hasa kwa yasiyomhusu. Tumepata mchungaji mpya, kijana, anahubiri dakika kumi tu na watu wanampenda kupita kiasi. Kondoo wako hawajambo? Na kifua chako?

Haya, salamu zimetosha. Nimestaafu. Miaka kumi na minane nimewapondea viazi watoto wa shule, na mwezi wa saba wamenipa saa ya mezani, wakapiga makofi, basi, nenda nyumbani. Siku ya kwanza nilikunywa chai vikombe vinne. Siku ya pili nilisafisha kabati ambalo halikuwa chafu. Siku ya tatu nikafungua mlango wa jikoni, nikasimama kizingitini, nikaitazama bustani ya nyuma kwa mara ya kwanza tangu nimzike Sidney.

Unamjua marehemu mume wangu, hakuwa mtu wa kutupa kitu. Ameniachia mabafu mawili ya chuma, kitanda cha chuma, baiskeli sita zisizo na magurudumu, na injini ya trekta ambalo sijui liko wapi. Katikati ya hayo yote upupu umefika kifuani. Theluji ya mwaka huu ilikiangusha kibanda, nacho kimelala palepale kama mlevi.

Nikajisemea, Thirza, hapa ndipo palipokuwa na bustani ya Mama. Nikaiona yote, Eustace. Ile njia ya mawe aliyoitandaza Baba walipooana. Mawaridi meupe ukutani, maharage yamepanda katikati ya maua bila aibu, vitunguu vimekaa jirani na lavenda, yale maua madogo yanayonukia karafuu yamemwagikia njiani, na peoni zile nyekundu zenye vichwa vikubwa kama kabichi. Kila kitu kimebanana na kila kitu kina nafasi yake. Na Mama yuko kwenye benchi lake chini ya mplamu, amevua viatu, hataki kusemeshwa na mtu.

Nataka kuirudisha. Baada ya wewe kuondoka, kijiji kilianzisha Siku ya Bustani Wazi: mwezi wa sita kila mwenye bustani nzuri anafungua lango lake, wageni wanatoa peni sita za paa la kanisa, wanazunguka, wanasifu mbele yako na kukusengenya barabarani. Mwakani ni tarehe sita Juni. Nimekwisha andikisha jina langu. Bi. Pargeter wa nyumba ya pili alicheka mpaka akashika uzio.

Sasa nakuhitaji. Mimi nilikuwa Bristol napikia hospitali, wewe ndiye uliyekuwa umeshikilia aproni ya Mama. Nini kilikuwa wapi? Peoni zilikaa upande gani? Na wewe mwenyewe nataka uje, uwe hapa siku hiyo.

Nakwambia na jambo jingine ili lisikae katikati yetu kama mfupa kooni. Sijakusamehe. Nilikuja Krismasi ya mwaka 1940 nikakuta umeifukua bustani yote ya Mama, udongo mtupu kuanzia mlangoni mpaka ukutani, tayari kwa viazi, ili mabwana wa kamati ya kilimo cha vita wakupigepige mgongoni wakikusifu. Na Mama yuko kitandani kageukia ukuta. Februari tukamzika. Baba hakukanyaga tena huko nyuma mpaka naye akafa. Lakini nina miaka sitini, nawe una hamsini na mitano, na sitaki kufa nikiwa na ndugu wa kadi za Krismasi. Njoo. Ukifika tutagombana vizuri, uso kwa uso, kisha tutakunywa chai.

Ni mimi dada yako, nimejaa upupu mikononi,
Thirza


Gore, Southland
3 Novemba 1963

Dada Thirza,

Barua yako ilifika mwisho wa Septemba. Kondoo walikuwa wanazaa, ndiyo sababu ya kuchelewa. Nimepata wana-kondoo mia nne na ushee, waliokufa si wengi. Kifua kinaniruhusu. Mbwa wangu Fly amezeeka, siku hizi namfanyia kazi mimi badala ya yeye kunifanyia. Pole kwa goti. Msalimie Shangazi Lavinia kama atasikia, na atasikia.

Kuja siwezi. Shamba halina mtu mwingine.

Bustani sikumbuki sana. Ni miaka mingi.

Upupu usikutie hofu. Upupu haumei kwenye udongo mbaya, kwa hiyo ujue huo udongo umeshiba. Ukiukata usiutupe. Uloweke kwenye pipa la maji wiki tatu, utanuka vibaya mno, kisha mimina kwenye mizizi ya chochote unachokipenda. Na usifukue kila mahali kwa pupa. Anza na kutafuta njia ya Baba. Ukiipata njia umepata bustani.

Kuhusu mwaka 1940 sina la kuongeza juu ya uliyoyasema.

Nduguyo,
Eustace


Netherwell
16 Desemba 1963

Eustace,

Stempu ya meli. Mtu ana kondoo mia nne anatuma barua kwa meli, izunguke dunia wiki sita, ili jibu lake lifike nimeshachoka kuuliza. Nimekujua wewe ukiwa unaficha mkate chini ya mto, usidhani utanipiga chenga uzeeni.

Wote hatujambo. Shangazi Lavinia amepata salamu zako, akauliza kama umeoa. Nikamwambia bado. Akasema hajashangaa. Baridi si kali kama ya mwaka jana, namshukuru Mungu, kwa sababu niko nje tangu asubuhi mpaka mikono inakufa ganzi.

Ungeniona. Nimevaa suruali ya Sidney, nimefunga kiunoni kwa kamba. Mhunzi alikuja na farasi wake akaburuta injini mpaka barabarani, na alipomaliza akaiomba, nikampa kabla hajamaliza sentensi. Bafu moja nimelizika mpaka shingoni, litakuwa kidimbwi cha vyura. Kitanda nimekisimamisha wima ukutani na maharage yatapanda juu yake. Bi. Pargeter aliuliza ni nani atakayelala hapo kwa kusimama. Nikamjibu, wewe, ukizidi kuchungulia.

Na njia nimeipata. Nilichimba kama ulivyosema, inchi nane chini, sepeto ikagonga jiwe. Nikapiga magoti nikafagia kwa mkono, jiwe la kwanza, la pili, la tatu, yamekaa vilevile alivyoyalaza Baba. Nililia, sikufichi. Kisha nikachimba mpaka chakula cha mchana kikaungua.

Bw. Yeo, tarishi, alinisikia nimeingia wazimu wa bustani, akaniletea miche sita ya lavenda kwenye kopo la rangi. Kidogo asante initoke. Mdomo ulikwisha funguka, "As...", akaniangalia kama nimechomoa kisu. Nikaumeza ulimi, nikasema, "Leo kuna mawingu." Akasema, "Mengi sana." Akaenda zake ameridhika. Huko kwenu wanajua kwamba mmea wa kupewa haushukuriwi, ukishukuru tu unakufa? Au mmekuwa watu wa kisasa?

Njia naona inakwenda moja kwa moja hadi ukutani. Nitapanda maua mistari miwili kushoto na kulia, imenyooka, safi. Wasemaje? Na peoni, Eustace. Nimekuuliza.

Thirza


Gore
2 Januari 1964

Dada Thirza,

Heri ya mwaka mpya. Hapa kwetu sasa ni kiangazi, tumekata manyoya. Fly hali vizuri. Naandika kwa ndege.

Njia haikunyooka. Umechimba mawe mangapi? Chimba tena. Baada ya jiwe la tisa inapinda kushoto, kwa sababu Mama alisema hataki mtu asimame mlangoni aione bustani yote kwa mpigo, alitaka aifuate. Inazunguka mplamu, kisha inarudi. Na mistari miwili iliyonyooka ni ya makaburini. Usipande kwa mstari. Mama alikuwa anarusha kokoto nyuma ya mgongo bila kutazama, zinapoanguka ndipo anapanda, tatu tatu, tano tano, kamwe si mbili. Marefu yasiachwe nyuma yote, moja moja lije mbele likuzibe, ulazimike kuinamisha kichwa.

Holihoki, yale marefu kama walinzi, yalikuwa karibu na choo cha nje, na ndiyo maana wageni wakubwa hawakuuliza choo kiko wapi, walitafuta maua. Waridi jeupe lilipanda kuanzia dirisha la jikoni. Chini yake maua ya karafuu. Figili na saladi aliziacha zimee popote. Vitunguu swaumu aliviweka miguuni pa mawaridi, akisema vinayafunza adabu. Benchi lilitazama magharibi, si mashariki, kwa sababu asubuhi hakuwa na muda wa kukaa.

Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii, na nyingine mbili. Nilikusudia kuandika mistari mitano. Tangu chakula cha jioni niko mezani na penseli kama mtoto wa shule.

Panda mbegu za maua ya mwaka mmoja mwezi wa tatu, ardhi ikiacha kukuumiza mkono. Usiwe na haraka.

Eustace


Netherwell
11 Machi 1964

Eustace mdogo wangu,

Wazima wote. Mchungaji ana mafua. Njia imepinda kushoto baada ya jiwe la tisa, sawasawa na ulivyosema, nikapiga kelele za furaha mpaka Bi. Pargeter akadhani nimejikata mguu. Ramani yako nimeipigilia misumari mlangoni mwa jikoni. Nimerusha kokoto kwa mgongo, moja ikavunja kioo cha dirisha, lakini nimepanda.

Ila kwenye ramani yako kuna duara karibu na mplamu ambalo hukuandika kitu ndani yake. Kila kitu umekiandika jina, hata figili. Duara hilo tupu. Nimelitazama miezi miwili.

Sasa nikueleze ya Jumanne. Nilikwenda kwa Bi. Pargeter kuazima toroli. Hakujibu mlangoni nikazunguka nyuma, mahali ambapo sijakanyaga tangu vita, kwa sababu ya ule ugomvi wetu juu ya paka wake. Alikuwa anaanika taulo. Na chini ya dirisha lake, ardhini, nikaona vichwa vyekundu vinachomoza, vinono kama vidole vya mtoto mchanga. Nikavijua hapo hapo. Ukishaviona utotoni huvisahau.

"Gladys," nikamwambia, "hizi peoni umezitoa wapi?"

Akaanika taulo. Akaanika na jingine. "Zimekuwepo," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu zilipoletwa."

"Na nani?"

"Thirza, usinitie maneno mdomoni. Unataka zife?"

"Sijakwambia ushukuru. Nimeuliza nani."

"Kumtaja mtu ni nusu ya kumshukuru. Mama yangu alitaja tu jina la aliyempa waridi, na Jumapili haikufika, waridi likawa kuni."

"Basi nitataja mimi, wewe tikisa kichwa. Ni Sidney?"

"Sidney angeleta bafu," akasema.

Nikamtajia kijiji kizima, Eustace. Nikamaliza walio hai nikaingia kwa marehemu. Kisha nikasema jina lako, kwa kulitupa tu, kwa sababu ndilo lililokuwa limebaki. Hakutikisa kichwa. Aliinama akaokota kibanio cha nguo, akakaa nacho mkononi, na macho yakamjaa machozi.

Nikatoka na toroli nikaenda nyumba kwa nyumba, naingia nyuma bila hodi. Kwa mhunzi, maua ya karafuu. Kwa mjane wa mwenye kinu cha unga, peoni tena, mashina matatu. Waridi jeupe limepanda ukuta wa kanisa ambao nimepita mbele yake kila Jumapili. Kwa Bw. Yeo kichaka kikubwa cha lavenda, na ile miche aliyoniletea kwenye kopo ilikatwa hapo, kwa hiyo alinirudishia ya Mama mwenyewe akaniambia kuna mawingu. Nyumba kumi na moja. Wote nikiwauliza wanatazama angani. Kijiji hiki hakiwezi kulinyamazia pazia jipya, lakini hili wamelinyamazia miaka ishirini na mitatu, kwa kuogopa kuua maua.

Mtu anayefukua bustani ili asifiwe hapeleki mizizi yake kwa toroli nyumba hadi nyumba. Ulifanya nini mwaka ule? Na kwa nini umeniacha nikuseme? Nimekusema dukani. Nimekusema kanisani. Nimekusema kwa Shangazi Lavinia, ambako ni sawa na kukutangaza redioni. Wao wananisikiliza na kutikisa vichwa, na peoni za Mama zinachanua madirishani mwao.

Jibu kwa ndege.

Thirza


Netherwell
13 Aprili 1964

Eustace,

Mwezi umepita. Sitauliza kuhusu kondoo wala mbwa. Mbegu zimeota, vyura wamehamia, mplamu umechanua wote mweupe, na mimi naamka kila asubuhi namsubiri Bw. Yeo langoni kama msichana aliyeposwa. Kama unataka kuniadhibu, umeweza. Niandikie hata matusi.

T.


Gore
21 Aprili 1964

Dada Thirza,

Fly amekufa. Nilimzika Jumatatu karibu na zizi. Amekuwa nami miaka kumi na minne. Majani ya miti yameanza kuanguka, na nyumba kimya sana. Barua zako zote mbili ninazo hapa mezani.

Haya.

Habari za kifo cha kaka Hedley zilifika mwisho wa Septemba mwaka ule wa 1940. Meli yake ilikuwa imebeba ngano kutoka Kanada. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba wiki mbili baadaye, Baba akiwa Taunton kikazi kwa siku tatu, Mama aliniita nyuma. Alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani. Akanipa sepeto. "Fukua," akasema.

Nikamuuliza nifukue nini.

"Yote. Mwanangu amekufa akileta mkate, na mimi nimekaa nachezea maua."

Nilibishana naye, Dada. Nilimwambia Baba ataniua. Akasema, "Baba yako asijue kuwa ni mimi. Njia hii alinilazia jiwe kwa jiwe wiki tuliyooana. Akijua nimeikataa mwenyewe itamvunja. Mwambie ni kamati imeagiza, ukatii." Nikamwambia kamati haijaagiza maua yafukuliwe, imeagiza viwanja tu. Akasema, "Eustace, nakuomba." Mama hakuwahi kuniomba kitu. Alikuwa mtu wa kuagiza.

Nikafukua. Alisimama pale siku nzima. Nilipofika kwenye peoni aliingia ndani akavuta pazia. Hakuniambia nizitupe wala nizitunze. Nikazipakia kwenye toroli, na vingine vyote vilivyokuwa na mzizi, nikavipeleka watu wakivipokea bila kusema neno, kama desturi. Nilidhani vita vikiisha nitazunguka na toroli kuvirudisha.

Mama alijua. Januari Bi. Pargeter alikuja kumtazama, nami nilikuwa naweka kuni. Mama akafumbua macho akamuuliza, "Gladys, zimeshika?" Gladys akasema zimeshika. Mama akafumba tena.

Alisema atamweleza Baba siku ya Pasaka. Hakufika Pasaka. Baada ya hapo ningemwambia Baba nini, kwamba mkewe amekufa akiwa amemficha? Nikanyamaza. Alipokataa kula meza moja nami nikawa nakula jikoni, miaka mitano, mpaka alipokufa. Kisha nikapanda meli.

Wewe hukuniuliza, Dada. Uliniambia. Ulisimama mlangoni Krismasi ile, na koti bado liko mwilini, ukaniambia mimi ni mtu wa namna gani. Nilikasirika. Bado nina hasira kidogo, hata leo, nikikumbuka. Nilisema moyoni, kama dada yangu anaweza kuniamini hivyo, basi na aamini. Na kiburi ukikipa mwaka mmoja kinajijengea nyumba.

Usizihamishe peoni sasa. Subiri Oktoba zikiwa zimelala. Na usizizike sana, vidole viwili tu vya udongo juu yake. Ukizizamisha utapata majani matupu miaka kumi.

Eustace


Netherwell
7 Juni 1964

Mdogo wangu Eustace,

Pole kwa Fly. Pole sana. Miaka kumi na minne si mbwa tena, ni mtu wa nyumbani.

Barua yako ilifika tarehe thelathini Aprili. Nimeianza hii mara tano na mara tano nimeichana. Safari hii mimi ndiye niliyekaa kimya, na sasa najua ulivyo uzito wake.

Nilikukosea. Sitafuti maneno ya kuzunguka. Nilikuwa na huzuni ya Hedley na ya Mama, nikahitaji mtu wa kumtwika, nawe ulikuwa umesimama karibu na sepeto. Miaka ishirini na mitatu nimekubebesha mzigo usio wako na sikukuuliza hata swali moja. Nisamehe. Kama huwezi leo, nisamehe kidogo kidogo, nitangoja.

Sasa nikueleze ya jana, maana nikikaa nayo nitapasuka. Asubuhi mvua, nikataka kujizika. Saa nne jua likatoka, na bustani yote ikawa inafuka mvuke, inanukia karafuu na udongo. Eustace, imependeza. Holihoki bado hazijachanua lakini zimenyooka kama polisi. Maharage yamefika kwenye kichwa cha kitanda. Foronya za benchi nimeshona mwenyewe. Vyura wanane kwenye bafu la Sidney, na mtoto wa mwalimu alitaka wote. Mlangoni huoni chochote ila njia na kona, mtu anaingia anasema "Ni ndogo tu," kisha anapinda kushoto na humsikii tena nusu saa.

Duara lako, ambalo sasa najua ni la peoni, nililiacha tupu, kwa sababu ni Juni na umesema Oktoba. Kabla sijafungua lango nikasikia hatua. Bi. Pargeter, ameshika jagi la maziwa limejaa peoni zilizokatwa, nyekundu, kubwa, zinatoa maji. Akaliweka kwenye duara. Nyuma yake mjane wa kinu, na jagi. Wengine wakaleta za kwao. Kufika saa tano kulikuwa na majagi, mitungi, hata buli moja, vimezunguka mahali pale pale. Nikakaa benchini kuyatazama, na wageni wanasubiri nje.

Langoni kila mwenye bustani hutundika ubao wenye jina lake. Wangu niliuandika usiku wa kuamkia siku hiyo, lakini niliona haya kuutundika mpaka nilipoyaona majagi. Umeandikwa hivi: "Bustani ya Bi. Keziah Hallett. Aliagiza ifukuliwe mwenyewe Oktoba 1940, kwa ajili ya mwanawe Hedley. Mwanawe Eustace alimtii, akaiokoa mizizi, akalaumiwa bure. Aliyemlaumu ni dada yake, ambaye yuko hapa na atakumiminia chai."

Watu waliusoma, Eustace. Hawakusoma na kupita. Mhunzi alivua kofia. Shangazi Lavinia, tuliyemsukuma kwenye kiti cha magurudumu, aliomba asomewe, kisha asomewe tena, kisha akasema kwa sauti ya kufika kanisani, "Na mimi mbona sikuletewa hata shina moja?" Hapo ndipo Bi. Pargeter akacheka na kulia pamoja, na ulimi ukamfunguka. Amesimulia mpaka jioni. Ulivyokuwa umelowa, ulivyokataa chai, ulivyomshindilia udongo kwa kiatu chako ukamwambia azimwagilie. Nikamuuliza kama haogopi zitakufa. Akasema zina umri wa kutosha kusikia ukweli.

Njoo au usije, jina lako Netherwell ni safi. Lakini njoo.

Dada yako,
Thirza


Gore
22 Juni 1964

Dada Thirza,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye sanduku la barua langoni, kwenye baridi, kisha nikaisoma tena zizini. Ungeniona ungecheka. Mzee mzima anawasomea kondoo.

Nimesamehe. Kidogo kidogo ni kazi ya kuchosha, nimeimaliza yote.

Jirani atachukua shamba na kondoo kwa mwaka mmoja, baadaye tutaona. Meli inaondoka Wellington tarehe ishirini na nne Julai na kufika Southampton mwisho wa Agosti. Nitakuwa hapo Oktoba ikifika. Usimruhusu mtu yeyote aguse peoni, hata Bi. Pargeter, hasa Bi. Pargeter. Nina mikono miwili na sijasahau.

Naomba jambo moja. Nikifika usinipeleke bustanini kwanza. Nipeleke kaburini kwa Baba. Nilimnyamazia miaka mitano tukiwa chini ya paa moja, na nataka kumweleza mwenyewe. Sijui kama nitaweza kuanza.

Eustace


Netherwell
1 Julai 1964

Eustace,

Bw. Yeo amenipa barua yako nikambusu shavuni, masikini, amepanda baiskeli akaelekea upande usio wake.

Chumba chako kinatazama bustanini. Nimekipaka chokaa, na godoro nimelianika.

Kwa Baba tutakwenda moja kwa moja kutoka stesheni, na masanduku yako. Mimi nilikwenda kumweleza Jumapili iliyopita. Nilipiga magoti kwenye nyasi nikamwambia yote, ya Hedley, ya Mama na kofia yake, yako na ya jikoni, nami nikamwomba radhi kwa kumchochea dhidi yako. Upepo tu. Njoo umweleze na wewe. Unamjua Baba, jambo halimwingii mpaka aambiwe na watu wawili.

Thirza